Kumbukumbu za mji wetu zisilale kwa mashini ya mtu mmoja



Leo tunasema juu ya kitu ambacho wengi wanakiacha kwa mafundi wa kompyuta: faili zetu tunaziweka wapi, na tunapeana namna gani. Picha za barabara iliyokatika, silabi za masomo, nakala ya bajeti ya jimbo, nyimbo za wasanii wa kartie, ushuhuda wa mama aliyenyang'anywa mali yake kwenye bariere. Vitu hivi vyote viko ndani ya telefone zetu, ndani ya akaunti za bure, ama kwenye tovuti za bei ya chini zenye kuwa mali ya watu wengine. Siku mwenye mashini anafunga, kumbukumbu yetu inakwenda naye. Njo maana tunasema: hii ni swali ya raia wote.

Kupeana tunakujua tayari

Juu mega ni ghali na rezo inakuja na kukimbia, kijana wa hapa kwetu hashushi filme kila mtu peke yake. Mmoja anashusha, wengine kumi wanachukua kwake kwa Bluetooth, kwa Xender ama kwa kadi memori. Kuko na vijana wenye kukaa na kompyuta kando ya barabara: unawapa kadi yako na makuta kidogo, wanakujazia nyimbo. Mwanafunzi anapata silabi kwa mwenzake, yule naye alipata kwa mkubwa wake wa mwaka uliopita. Faili inatoka Kasuku, inaenda Mikelenge, inavuka mto mpaka Alunguli ndani ya mfuko wa mtu, bila kutumia hata mega moja.

Kwenye intaneti njia ile ile imekuwa kubwa sana. Mwaka 1999 Napster iliwaruhusu watu kuchukua nyimbo moja kwa moja kwenye kompyuta ya mwenzao. Lakini orodha ya nyimbo zote ilikaa kwa kampuni moja, na mwaka 2001 tribinali ya Marekani ilipoishika ile kampuni, kila kitu kikasimama. Mwaka huo huo Mmarekani mmoja, Bram Cohen, akaleta BitTorrent. Faili inakatwa vipande vidogo. Wewe unachukua kipande kwa huyu, kingine kwa yule, na vipande unavyo tayari unawapa wengine. Kila kipande kina alama yake ya hesabu, kikibadilishwa hata kidogo programu inakikataa. Watu wakiwa wengi wenye kuichunga faili, inashuka mbio zaidi. Mmoja akizima mashini, wengine wanaendelea.

Tunajua jina la tovuti za torenti lina harufu mbaya. The Pirate Bay ilianza Sweden mwaka 2003, na mwaka 2009 wenyewe wakahukumiwa. KickassTorrents ilifungwa mwaka 2016. Ni kweli kwamba tovuti za namna hii zimejaa kazi za watu waliochukuliwa bila ruhusa. Zimejaa pia mitego: unaomba filme, unapewa programu yenye kula kompyuta yako. Kijana, ukiona filme inaishia na .exe, ile si filme. Achana nayo.

Lakini njia yenyewe haina makosa. Internet Archive, maktaba kubwa ya bure kwenye intaneti, inatoa vitabu na sauti zake kwa torenti pia. Programu za bure kama Linux zinatembea kwa njia hiyo kila siku. Mtumbwi ukibeba mali ya wizi, tunamfuata mwizi, hatuchomi mitumbwi yote ya mto.

Na kwa wasanii wetu tunasema wazi. Sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki ya mtunzi, na Katiba yetu, kifungu cha 46, inarudilia neno hilo. Mtoto wa Kindu mwenye kulipa studio kwa jasho lake asione wimbo wake unauzwa kadi kwa kadi bila yeye kupata hata franka. Msanii akisema «pelekeni popote», tupeleke. Akisema «nunueni», tununue. Huwezi kudai haki kwa serikali asubuhi, halafu mangaribi ukamnyima jirani yako haki yake.

Bei ya dola moja inaficha nini

Sasa tuje kwa zile promosyo za kupangisha tovuti. Kila siku zinapita kwenye telefone zetu: dola moja kwa mwezi, nafasi bila mwisho, jina la bure. Vijana wa asosiasyo wanafurahi, wanachanga, wanaomba mtu mwenye kadi ya benki awalipie, na tovuti inazaliwa.

Ile dola moja kwa mwezi mara nyingi inataka ulipe miaka mitatu ama minne kwa mara moja. Bei ya kurudilia inaweza kupanda mara mbili, mara tatu ama zaidi. «Bila mwisho» ina mwisho, umeandikwa kwa herufi ndogo chini ya mkataba: hesabu ya faili, nguvu ya mashini, watu wangapi wanaweza kuingia kwa pamoja. Jina la bure ni bure mwaka wa kwanza tu. Na mara nyingi jina lile limeandikishwa kwa fundi ama kwa yule mwenye kadi. Siku mnakosana naye, anaondoka na jina lenu.

Kila mtu aliyepangisha nyumba hapa mjini anajua mambo haya. Unauliza garanti ni miezi mingapi, bei itapanda lini, na ukitoka vyombo vyako unatoa namna gani. Kwa tovuti tuulize vile vile. Jina limeandikwa kwa nani? Mwaka wa pili tutalipa ngapi? Nakala ya kila kitu tunaweza kuichukua sisi wenyewe, lini na kwa njia gani? Kama muuzaji hana jibu kwa hili la tatu, bei yake hata ikiwa bure, ni ghali.

Vilivyopotea kwa wengine

GeoCities ilikuwa nyumba ya bure ya mamilioni ya kurasa za watu. Yahoo iliinunua mwaka 1999, na Oktoba 2009 ikaifunga. Watu wa kujitolea wa Archive Team wakakimbia kunakili walichoweza kabla mlango haujafungwa, na mwaka 2010 wakakitoa kwa torenti moja kubwa ya gigabaiti zaidi ya 600. Nyumba ya kampuni ilikufa, vitu vyake vikabaki juu vilikuwa mikononi mwa wengi.

Tarehe 19 Januari 2012 Marekani ilifunga Megaupload. Mle ndani mlikuwa filme za wizi, ndiyo, lakini mlikuwa pia kazi na picha za watu wasio na kosa. Nao walifungiwa inje. Tarehe 10 Machi 2021 moto ulichoma jengo la seva za OVH huko Strasbourg, Ufaransa. Mamilioni ya tovuti zilizimika, na wateja wasiokuwa na nakala mahali pengine walipoteza kazi yao kabisa.

Afrika pia imeonja. Kampuni ya Freenom ilikuwa inagawa bure majina yenye kuishia na .ga ya Gabon, .ml ya Mali na .cf ya jirani zetu wa Centrafrique. Mwaka 2023 Gabon ikarudisha .ga mikononi mwake, na mamilioni ya majina yakafutwa. Na sisi wenyewe: inchi yetu ilipoacha jina la Zaire mwaka 1997, herufi .zr zikaachwa, .cd ikachukua nafasi, na mwaka 2001 .zr ikaondolewa kabisa kwenye intaneti.

Hata akaunti ya Google unayofikiri ni ya milele iko na sheria yake: ukikaa miaka miwili bila kuigusa, wanaweza kuifuta pamoja na picha zote. Ni wangapi kati yetu telefone iliibiwa, namba ikapotea, na neno la siri likaenda nayo?

Na wakati wanakata intaneti?

Wakongomani hatuhitaji kuelezwa. Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Tarehe 31 Desemba 2017, siku ya maandamano ya Wakatoliki, ikakatwa tena. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja nyuma ya kura, ikakatwa, na tukakaa karibu majuma matatu bila kitu. Kila mara ni wakati ule ule: raia wako barabarani ama wanahesabu kura.

Siku kama zile, tovuti yako nzuri kule Ulaya haikusaidii kitu. Kinachobaki ni kadi memori, Bluetooth, na mtu mwenye kuaminika. Kama matokeo ya kura yaliyobandikwa kwenye biro yamepigwa picha na yako ndani ya telefone 50, nani atayafuta yote? Kama yako ndani ya telefone moja, polisi mmoja anatosha.

Lakini tuangalie sana. Si kila kitu ni cha kutembeza. Torenti haifichi mtu: namba ya mashini yako inaonekana na kila mwenye kushiriki faili ile. Ushuhuda wa mwanamke aliyebakwa, jina la mtu aliyeshitaki mwenye silaha, uso wa mtoto, hivi havipiti Xender wala grupe ya WhatsApp. Vinafungwa kwa neno la siri na vinachungwa na watu wachache wanaojulikana, kwa ruhusa ya mwenyewe. Sheria ya mambo ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu binafsi. Hata kama isingekuwepo, heshima ingetosha.

Tunachoomba

Kwa serikali ya jimbo na Asemble ya jimbo: Katiba, kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Basi bajeti, edi na mikataba ya kazi za barabara ziwekwe kwenye tovuti ya jimbo yenye jina la .cd, na zichapishwe kwa faili nyepesi ambayo telefone ndogo inaweza kufungua. Karatasi ya raia isikae paka kwenye ukurasa wa Facebook wa mshauri, anayeondoka nayo siku anapoteza kazi.

Kwa wakubwa wa vyuo vyetu: silabi ambazo mwalimu amekubali zitoke, ziwekwe kwenye kompyuta moja ya maktaba, wanafunzi wazichukue kwa flashi bila kulipa mega.

Kwa serikali ya Kinshasa na kampuni za telefone: intaneti isikatwe tena wakati wa kura ama wa maandamano. Na mega zishuke bei. Vijana wa inchi hii walisimama juu ya taxe ya RAM, iliyokuwa inakula yuniti zetu tangu 2020, na mwanzo wa 2022 ikaondolewa. Tunajua kusimama.

Kwa sisi wenyewe, vijana: tusingoje mtu.

1. Kila asosiasyo ichague watu watatu wenye kuchunga nakala za kazi zake, wakae komini tofauti. Nyumba moja ikiungua ama ikiibiwa, mbili zinabaki.

2. Jina la tovuti liandikwe kwa asosiasyo, na tarehe ya kulipa ijulikane na wote, si na fundi peke yake.

3. Mwisho wa kila mwezi, nakala moja ishushwe kwenye diski ama flashi. Na mara moja kwa miezi mitatu tuifungue, tuone kama inafunguka kweli.

4. Vya watu wote vitembee kwa mikono mingi iwezekanavyo. Vya siri vifungwe. Vya msanii viulizwe kwa msanii.

Kazi hizi hazihitaji mradi wala pesa za wazungu. Zinahitaji flashi tatu, daftari moja, na vijana wenye kushika neno lao. Wazee wetu walichunga historia ya ukoo bila mashini, juu hawakumwachia mtu mmoja: shangazi aliijua, mjomba aliijua, na mtoto alirudilishwa mpaka aliishika. Anza leo jioni. Chukua faili moja ambayo ikipotea mtaa wako utalia, uipeleke kwa wawili unaowaamini, na uwaambie juu ya nini unawapa.

Vijana wa Obokote, Kindu