Ugonjwa Usiotambuliwa Usitafutiwe Mchawi

Mwaka 1782, huko Glarus nchini Uswisi, Anna Göldi alikatwa kichwa kwa upanga. Alikuwa mtumishi wa ndani katika nyumba ya Johann Jakob Tschudi, tabibu na hakimu. Binti wa nyumba hiyo alishikwa na degedege, ikasemwa kwamba anatapika pini. Mtumishi akashukiwa, akateswa hadi akakiri kushirikiana na shetani. Mwaka 2008, miaka 226 baadaye, bunge la jimbo la Glarus lilimtangaza kuwa hakuwa na hatia.

Inahuzunisha kwamba shutuma hiyo ilitoka katika nyumba ya tabibu. Wanahistoria wanakadiria kuwa kati ya karne ya 15 na ya 18 watu 40,000 hadi 50,000 waliuawa Ulaya kwa mashtaka ya uchawi, wengi wao wanawake. Mara nyingi mashtaka yalianza na mtoto aliyefariki, ng'ombe aliyekufa, au maradhi yaliyokosa jina.

Hata hivyo, walikuwapo waliopinga. Johann Weyer, tabibu wa mtawala wa Cleves, Ujerumani, alichapisha kitabu mwaka 1563 akieleza kwamba wengi wa washtakiwa walikuwa wanawake wazee wenye maradhi ya akili, waliostahili tiba badala ya moto. Aliwalaumu pia matabibu wasio na ujuzi ambao, wakishindwa kutambua ugonjwa, hukimbilia kutaja uchawi. Mwaka 1580 mwanasheria Mfaransa Jean Bodin alimshambulia vikali kwa msimamo huo.

Lawama ya Weyer ingali na uzito. Nchini Tanzania vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, ilhali moshi wa jikoni wa miaka mingi unatosha kuyafanya hivyo. Mhudumu wa afya anayemwambia mgonjwa, "Huu si ugonjwa wa hospitali," hudhani amesema neno dogo. Kumbe huenda amemtuma nyumbani kumtafuta mwenye hatia. Kauli ya haki ni kukiri kwamba chanzo hakijajulikana, kuendelea na uchunguzi, na kutoa rufaa panapohitajika. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza hadi aelewe. Tabibu hapungukiwi heshima kwa kusema hajui. Jirani asiye na hatia aweza kupoteza maisha kwa sababu hakusema.