AJALI HII INA KINGA



Matajiri wa magari wana neno walilolizoea: "Ajali haina kinga." Dereva akiumia, ajali haina kinga. Fundi akipigwa na umeme, ajali haina kinga. Sisi twasema neno hilo ni blanketi la kufunikia makosa. Ziko ajali zilizojulikana mapema, kiwanda kikazitangaza, na matengenezo yakatolewa bure. Ajali ya namna hiyo si bahati mbaya. Ni uzembe.

Twasema juu ya motokaa za haibridi, zinazokwenda kwa petroli na kwa betri kubwa ya umeme pamoja. Zinatoka Japani zikiwa zimekwisha tumika, nazo zimefika mpaka huku kwetu Bomet, kwa kuwa petroli ni ghali na motokaa hizi hazinywi sana. Hatuzikatai. Twakataa kuuziwa hatari kimya kimya.

Tazameni. Mwaka 2014 Toyota iliita Prius milioni 1.9 duniani zirudishwe gereji, kwa sababu chombo kinachopandisha nguvu ya umeme wa betri kiliweza kuungua na gari kuzimika njiani. Mwaka 2018 ikaita tena motokaa milioni 2.4, na zile zilizotengenezwa mara ya kwanza zilikuwamo! Mwaka huo huo ikaita nyingine zaidi ya milioni moja, kwa kuwa waya zake ziliweza kusuguliwa na kuwasha moto. Zaidi ya nusu ya hizo zilikuwa Japani, soko lile lile tunaloletewa magari.

Je, barua ya wito huandikiwa nani? Huandikiwa mwenye gari anayejulikana kule. Gari likiuzwa mnadani, likapakiwa melini, likateremshwa Mombasa, nani atamwandikia dereva wa Kaplong au Silibwet? Serikali yapima umri: lisizidi miaka minane. Kwa hesabu hiyo gari la 2018 liliruhusiwa kuingia mpaka 2025. Lakini umri si ugonjwa. Gari changa laweza kuwa gonjwa.

Wauzaji watalia kwamba ukaguzi utapandisha bei. Si kweli. Kutazama namba ya chesisi katika orodha ya kiwanda ni kazi ya dakika chache, na matengenezo ya wito hayalipiwi na mwenye gari. Kinachowauma si gharama, ni kuchelewa kupata faida.

Na anayelipa ni nani? Ni dereva aliyezimikiwa na gari kwenye mteremko, abiria wamejaa. Ni fundi wa kando ya barabara. Umeme wa nyumba ni volti 240. Prius ya mwaka 2010 hupandisha umeme wake mpaka volti 650. Hata ukiisha zima gari na kuchomoa plagi ya usalama ya betri, kiwanda chenyewe chasema ungoje dakika kumi kabla ya kugusa. Lakini kijana wetu anapewa spana na kuambiwa, "Fungua upesi, mwenye gari anangoja."

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamlazimisha tajiri kutoa mafunzo na vyombo vya kujikinga. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupewa habari na kulindwa usalama wake. Hatuombi sadaka. Twadai kilichoandikwa.

Madai yetu ni haya:

1. Cheti cha ukaguzi wa kila gari la haibridi kionyeshe kama liliitwa na kiwanda, na kama lilitengenezwa. Ambalo halikutengenezwa lisipakiwe melini.

2. Tajiri yeyote asimkabidhi dereva gari kama hilo kabla ya kuhakikisha namba ya chesisi.

3. Fundi asiguse waya za rangi ya machungwa bila mafunzo na glavu za mpira za kazi ya umeme, na asifukuzwe kwa kukataa.

Ndugu dereva, ndugu fundi, usingoje tajiri. Andika namba ya chesisi ya gari unaloliendesha au unalolitengeneza, uilete kwa mwakilishi wa chama. Mtu mmoja akiuliza, ataambiwa ni mkorofi. Tukiuliza sote, itawabidi kujibu.

Umoja ni nguvu!