Injini ya michezo katika studio za katuni: nani anavuna?

Wenye studio za katuni wanaotafuta mtaji siku hizi hawakosi kutaja injini ya michezo ya kompyuta. Wanadai kazi itakwenda mbio na gharama zitapungua. Madai hayo yana ukweli, lakini mwenye fedha zake hana budi kuuliza gharama hizo zimehamia wapi.

Filamu ya dakika 90 ina picha 129,600, yaani 24 kwa kila sekunde. Kwa njia ya zamani kompyuta hukokotoa mwanga na vivuli vya kila picha kwa muda mrefu. Ikiwa picha moja itachukua saa moja tu, mashine moja ingehitaji karibu miaka 15, ndiyo maana studio kubwa huweka mashine nyingi mno. Injini kama Unreal ya kampuni ya Epic Games hutoa picha papo hapo, hivyo mwongozaji anaweza kuhamisha taa au kamera na kuona matokeo palepale. Filamu fupi ya War Is Over!, iliyotwaa Oscar mwaka 2024, ilitengenezwa kwa injini hiyo.

Hata hivyo, wengi hupiga hesabu ya mashine na kusahau watu. Wahusika kwa kawaida huundwa katika programu nyingine, Maya kwa mfano, na kuwahamishia katika injini si suala la kubonyeza kitufe. Viungo, nywele na nguo, kila kimoja chaweza kufika kikiwa na kasoro, na wa kuzirekebisha ni waandishi wa programu, ambao si rahisi kuwapata. Aidha, wahusika na mandhari sharti vikamilike mapema, kwa hiyo fedha nyingi hutoka mwanzoni. Kwa maoni yetu, studio yenye filamu moja itataabika kuirudisha gharama hiyo; yenye mfululizo wa vipindi vinavyotumia wahusika walewale ina nafasi nzuri zaidi.

Kuna pia kodi ya mwenye nyumba. Tangu Aprili 2024 Epic inazitoza kampuni zisizotengeneza michezo, zenye mapato yanayozidi Dola milioni 1 kwa mwaka, Dola 1,850 kwa kila mtumiaji kwa mwaka. Watumiaji 40 ni Dola 74,000. Kiasi hicho hakiui studio, ila mwenye nyumba anaweza kukipandisha. Septemba 2023 kampuni ya Unity iliwatangazia watengeneza michezo ada mpya, wakaja juu, mkuu wa kampuni akaondoka Oktoba, na mwaka 2024 ada hiyo ikafutwa.

Unity hiyohiyo ilinunua zana za Weta Digital ya New Zealand mwaka 2021 kwa Dola bilioni 1.625, ikitaka kuingia katika filamu. Novemba 2023 ilivunja mkataba na Weta na kupunguza wafanyakazi 265. Hisa zake, zilizouzwa kwa Dola 52 mwaka 2020, zilipita Dola 200 mwezi wa ununuzi huo. Mwishoni mwa 2022 zilikuwa chini ya Dola 30.

Epic nayo haiuzi hisa zake sokoni. Sony iliingiza Dola bilioni 1 mwaka 2022, Disney bilioni 1.5 mwaka 2024. Mwenye mtaji mdogo anayeitaka Unreal itambidi apitie hisa za wakubwa hao, ambako injini ni tone katika pipa.