Ushauri bila muda ni lawama

Kila mwaka wiki ya kwanza ya Agosti dunia inaadhimisha Wiki ya Kunyonyesha. Mabango yanatoka, fulana zinagawiwa, na mama zetu wanaitwa mkutanoni kuambiwa yale yale: mnyonyeshe mtoto ndani ya saa ya kwanza, mpe maziwa yako peke yake miezi sita bila hata maji, kisha endelea pamoja na chakula mpaka miaka miwili na zaidi. Ushauri huo ni wa Shirika la Afya Duniani na ni wa kweli. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na wale wanaoutoa, halafu wanapanda gari na kwenda zao.

Mimi ni kijana, nafanya kazi na vijana wenzangu wakimbizi hapa Mbale. Najua wengine watauliza, we mwanaume, maziwa yanakuhusu nini? Yananihusu kwa sababu wasichana wengi wa kikundi chetu ni mama tayari, wana miaka 18, 19, 20. Na sisi tunaokaa mjini hatupati mgao wa chakula. Usipofanya kazi leo, leo unalala njaa. Kwa hiyo msichana anajifungua, na baada ya wiki tatu yuko sokoni anachambua maharage ya watu, ama yuko kwa tajiri anafua nguo. Mtoto amebaki na shangazi yake wa miaka tisa na kikombe cha uji mwepesi. Halafu anakuja mshauri anamwuliza, "Kwa nini umempa uji?" Jamani, hilo ni swali au ni kofi?

Na ninyi wa kambini mnayajua haya. Tangu WFP ilipoanza kugawa chakula kwa makundi mwaka 2023, wengine wanapata kidogo na wengine hawapati kabisa. Mama anaenda kulima lejaleja kwenye shamba la mtu, mtoto mgongoni ama nyumbani. Mwenye shamba analipa kwa kipande kilicholimwa. Dakika za kukaa chini ya mti na kunyonyesha hazilipi.

Sasa tuhesabu pamoja. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, hizo ni wiki 10. Miezi sita ni wiki 26. Zile wiki 16 zinazobaki, nani anazilipia? Na hapo tunasema juu ya mwenye mwajiri anayefuata sheria. Anayeuza nyanya kwenye beseni hana hata siku moja.

Majirani zetu angalau wameandika kitu. Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inamruhusu mama kunyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Sisemi kila tajiri anatii. Nasema waliotunga sheria hizo waliona kwamba mama anahitaji muda na mahali.

Wengine watanijibu: hapana, mama zenu hawajui, wana mila za kumpa mtoto maji, wafundishwe. Sawa, mafundisho yanasaidia. Lakini mafundisho ya namna gani? Jibu liko hapa hapa Mbale. Kati ya mwaka 2006 na 2008 watafiti walifanya jaribio katika wilaya hii, lililoitwa PROMISE-EBF. Walichukua wanawake wa kawaida wa kijijini, wakawafundisha kwa muda mfupi, wakawatuma kwa wenzao nyumbani: mara moja kabla ya kujifungua na mara nne baada yake. Mtoto alipofika wiki 24, mama waliotembelewa waliokuwa bado wananyonyesha bila kuchanganya kitu walikuwa 59 kwa mia. Wasiotembelewa walikuwa 15 kwa mia. Mama walikuwa wa wilaya moja, wenye mila zile zile. Tofauti ilikuwa jirani aliyepiga hodi, akakaa, akarudi tena.

Lakini angalieni pia hili. Kwenye wiki ya 12, waliotembelewa walikuwa 82 kwa mia. Kufika wiki ya 24 wameshuka mpaka 59. Hapo katikati kuna nini? Kwa ninavyoona mimi kila siku, hapo katikati kuna kazi. Hata jirani mwema hawezi kumpa mwenzake muda ambao tajiri amemnyima.

Kwa hiyo ndugu zangu wa mashirika, naomba mambo matatu. Kwanza, pesa za fulana na soda za mkutano muwape posho mama wakimbizi waliokwisha kunyonyesha, wawatembelee wenzao nyumbani, kwa lugha yao. Hao ndio watamwonyesha msichana jinsi ya kukamua maziwa kwa mikono iliyooshwa, kuyafunika kwenye kikombe safi mahali penye ubaridi, yakae masaa manne hivi, na mtoto anyweshwe kwa kikombe, si kwa chupa ngumu kusafisha.

Pili, anzeni kwenu. Wasichana wetu wanafagia ofisi zenu na kutafsiri mikutano yenu. Wapeni saa moja asubuhi na saa moja mchana, na chumba chenye mlango na mkeka. Msipofanya hivyo kwenu, mtamwambia nini mwenye duka?

Tatu, kaeni na viongozi wa soko na wenye mashamba, itengwe kona yenye kivuli. Mnasema kazi hizi si rasmi, sheria haifiki. Mbona mabango yenu yanafika?

Na sisi wanaume tusijifiche. Kuchota maji, kupika, kumpeleka mtoto sokoni saa sita anyonye kisha kumrudisha, hakuhitaji mfadhili. Anayecheka kijana aliyebeba mtoto barabarani, naye amemnyima mtoto yule maziwa.