Kilichofagiwa Nje ya Geti Hakikuwa Uchafu

Wasee, ile video ya nyumba ya Milimani, ile ya "kabla na baada" ambayo bado mnaniuliza fundi alikuwa nani, nimeifuta. Msitafute, haiko. Wengi mmeuliza kwa nini, na leo nitajibu kwa urefu kwa sababu hii kitu imenikaa rohoni tangu mvua za Aprili.

Ilikuwa kazi ya kulipwa. Mwenye nyumba alitaka kupangisha kwa watu wa mashirika, wale wanaolipa kwa dola, akaniita nipige picha za nje. Elfu kumi na tano, nusu mbele. Mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili hakatai elfu kumi na tano, tusidanganyane. "Kabla" niliipiga Jumatatu: ua wa kayaba uliozeeka, jakaranda moja kubwa kando ya barabara, mtaro umejaa majani, na chini ya mti kibanda cha mabati cha mama wa mandazi. Wiki tatu baadaye nikarudi kupiga "baada": ukuta wa mawe wa futi nane, nyaya za stima juu yake, geti jeusi la chuma, kabro kutoka getini mpaka mlangoni, na huko nje mawe yaliyopakwa chokaa, katikati yake maua. Mti hakuna. Mama hakuna. Nikaweka muziki na maandishi, "Milimani imerudi". Mkaipenda sana.

Kuna mambo mawili niliyajua nikiihariri na nikanyamaza. La kwanza, huyo mama ndiye alinilisha mwaka ule nilioacha chuo. Chai na mandazi mbili kila asubuhi, anaandika kwa daftari, na siku moja akachana ukurasa wangu akaniambia, "Nenda tu, nyathina. Utalipa ukianza kuonekana kwa simu." La pili ni baya zaidi. Nilitafuta mahali pa kusimamia ili kibanda chake kionekane kibovu. Nilichuchumaa kando ya mtaro ndiyo majani na makaratasi yawe mbele yake. Zile taka zilikuwa zinatoka kwa hiyo hiyo nyumba. Yeye alikuwa anapafagia kila alfajiri kabla hata ya kuwasha jiko.

Kwa hivyo lawama inaanza na mimi. Lakini haiishii kwangu.

Juzi mmoja wenu ameniandikia kwamba kibanda kilikuwa kwenye ardhi ya barabara na sheria ni sheria. Sawa kabisa. Sasa niambie, ndugu yangu, yale mawe ya chokaa yako kwenye ardhi ya nani? Yale maua? Vile vyuma viwili na mnyororo vya kuzuia mtu asiegeshe gari? Vyote viko nje ya ukuta, kwenye ardhi ile ile ya barabara, hatua tatu kutoka pale jiko lilipokuwa. Tembea Milimani asubuhi moja uhesabu. Mtu wa miguu anasukumwa mpaka kwenye lami na bustani za watu, na sijawahi kusikia tingatinga limekuja usiku kung'oa maua. Ya maskini tunaita uvamizi, ya tajiri tunaita kupendezesha. Kama ni sheria, ianze na yule mwenye mawe ya chokaa.

Na hii tabia haikuanza jana. Reli ilifika hapa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilimleta daktari mmoja, W. J. Simpson, achunguze usafi wa miji ya huku, na alichopendekeza ni watu watenganishwe makazi kwa rangi ya ngozi. Mzungu akakaa juu penye upepo, Mhindi karibu na maduka, Mwafrika mbali. Milimani ilikuwa ya Wazungu. Sisi tuliingia kwa mlango wa nyuma, kupika na kukata nyasi. Nyalenda, ambayo unavuka tu Ring Road umefika, ilikuwa nje kabisa ya mipaka ya mji mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na sababu iliyotolewa ilikuwa usafi. Afya. Kwa hivyo nikisikia mwenye nyumba wa leo, Mwafrika mwenzangu, akisema anataka "pakae safi" huku akimuonyesha mama kidole, nasikia sauti nyingine nyuma yake.

Kinachonichekesha ni kwamba hata hao wakoloni hawakujifungia ukuta. Angalia nyumba chache za zamani zilizobaki: ua mfupi wa miti, baraza pana, paa la vigae lililotoka nje kuzuia jua, na kutoka barabarani unaiona nyumba yenyewe. Sisi tumebakisha ule ubaguzi, tukakata miti.

Najua mtasema mji lazima upendeze. Nakubali, mimi ndiyo kazi yangu. Mwezi wa Mei 2022 tulipokea mkutano wa Africities, mkutano wa tisa na wa kwanza kufanyika katika mji wa kadiri yetu, na kuna mazuri yaliyobaki. Leo unaweza kutembea katikati ya mji kwenye njia ya miguu iliyonyooka. Lakini katika miaka ile ya kujipanga, vibanda vingi vya kando ya barabara vilikwenda. Kabla ya hapo, mwaka 2019, bandari ikifufuliwa, Lwang'ni ilibomolewa pale ufukweni, mahali ambapo kila mgeni wa Kisumu aliletwa kula samaki. Jina lenyewe maana yake ni nzi. Watu walijua kuna nzi na bado walikuja, kwa sababu sura ya mji ilikuwa pale: moshi, samaki mzima kwenye sahani, ziwa nyuma ya mgongo wako.

Sasa tuongee kama mafundi, tuweke huruma kando kidogo. Ile kazi ilikuwa mbaya hata kwa macho tu.

Ukuta wa futi nane unamaanisha hakuna anayeiona nyumba. Umetumia pesa kwa rangi, madirisha, vigae vya baraza, halafu umevifunika. Mpita njia anaona jiwe na geti, na geti lako linafanana na la jirani na la jirani wa jirani. Barabara nzima imekuwa kama ukuta wa jela.

Halafu mti. Kisumu hii, saa nane mchana, wewe unakata jakaranda? Mwezi wa Oktoba ule mti ulikuwa unamwaga maua ya zambarau barabara nzima bila mtu kulipa shilingi. Sasa kabro inapikwa na jua mchana kutwa na joto linaingia ndani mpaka usiku, na mpangaji wa dola anawasha mashine ya kupoza hewa.

Hiyo kabro, kama imeshindiliwa na kujazwa vizuri, maji mengi yanateleza juu yake tu. Tuseme umeweka mita mia moja za mraba. Mvua moja ya jioni ya milimita thelathini ni lita elfu tatu, yaani mitungi mia na hamsini ya lita ishirini, na kwa kuwa nyasi za kuyanywa hakuna, yote yanatoka getini kwa saa moja. Yanaenda wapi? Yanashuka. Nyumba ni moja tu, lakini zidisha kwa barabara yote, kisha ukaulize watu wa Nyalenda wanafanya nini mvua ikinyesha. Wanainua vitanda.

Na taa! Zile taa nyeupe kali za kumulika ukuta usiku kucha. Mtu wa hapa anajua wale wadudu wadogo wa ziwa wakitoka wanafuata nini. Asubuhi ukuta mweupe umekuwa kijivu, wamelala chini kama pumba, na soja ndiye anapewa ufagio.

Kwa pesa za ule ukuta peke yake ningeacha kayaba, nikaikata usawa wa kifua, nikaziba mapengo kwa miche mipya. Inachelewa, lakini mwizi anayejua miiba yake haijaribu mara mbili. Ningezibua mtaro. Kuta za nyumba ningeziosha ukungu kwanza, nikangoja mvua ndefu ziishe zikauke, ndiyo nipake rangi. Wengi wenu mnapaka Aprili halafu mnalia Juni rangi ikibambuka. Na mama ningemuongezea: mabati mapya, rangi ile ile ya nyumba, benchi moja chini ya mti. Mgeni akifika getini anakuta kivuli, harufu ya chai, na mtu wa kumwambia mwenye nyumba yuko au hayuko. Hakuna soja anayelinda geti kama mama anayejua kila uso wa barabara.

Nilimwambia mwenye nyumba haya baadaye, kwa simu, kwa heshima. Akaniambia, "Kijana, wewe piga picha." Nusu ya pili ya pesa nilipewa. Niliipokea, sitajifanya malaika.

Wiki iliyopita nikamtafuta mama. Yuko Ring Road, upande wa Nyalenda, chini ya mwavuli, na jiko analibeba kwa mkokoteni asubuhi na jioni. Wateja wake wa zamani, wafanyakazi wa zile nyumba, ni wachache sana wanaoweza kutembea mpaka kule kabla ya saa moja. Nililipa deni langu na zaidi. Akahesabu, akarudisha ile zaidi, akaniambia niketi. Halafu akaomba kuona ile video, kwa sababu binti yake alimwambia yumo.

Nikamuonyesha. Aliitazama mara ya kwanza kimya. Mara ya pili akasimamisha kwa kidole pale kibanda kilipotokea, na mtaro mbele yake, na makaratasi. "Kumbe kwangu kulikuwa kunaonekana hivi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia hapana mama, ni mimi nilikaa vibaya.

Akaniuliza kama naweza kumtumia hicho kipande, kwa sababu hana picha nyingine ya kibanda chake. Nimemtumia zile sekunde kumi na nane za kwanza. Zilizobaki ndizo nilizofuta.