Kabla hujauza au kununua rangi ya kung'aa gizani, soma hapa kwanza



Leo sina dondoo ya kupata wafuasi wala ya kupiga picha nzuri za bidhaa. Leo nataka tuongee habari ya baiskeli. Najua wengi wetu humu hatuna duka wala gari. Tunauza kwenye simu, halafu kuna kijana mmoja mwenye baiskeli anayebeba kila kitu tulichokiuza. Mimi nipo Tanga, na Tanga mnaijua, baiskeli ndiyo miguu yetu. Nauza madera na mashuka. Wateja wangu wengi wanarudi nyumbani jioni, kwa hiyo mizigo mingi inatoka baada ya magharibi.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usije ukasema umezungushwa: rangi ya kung'aa gizani si kinga ya mwendesha baiskeli, na sisi tunaoiuza kwa maneno ya "usalama barabarani" tunatakiwa tuache leo. Nasema hivyo kama mtu aliyeiuza.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana niliona mtandaoni rangi inayowaka kijani gizani. Video ilikuwa kali sana, baiskeli nzima inawaka kama taa. Nikaagiza makopo kadhaa. La kwanza nikampakia dogo wangu wa mizigo kwenye fremu, mengine nikayaweka stetasi: "Linda maisha yako usiku, 18,000 tu." Nikauza makopo 11 ndani ya wiki tatu. Nilijiona mjanja.

Usiku mmoja dogo akiwa anaelekea Kange na kiroba cheusi cha mashuka kwenye keria, bajaji ikamgonga kwa nyuma. Akavunjika mtulinga. Dereva wa bajaji hakukimbia, alimpeleka hospitali yeye mwenyewe, na alichoniambia pale nje sijakisahau: "Dada, mimi sikuona baiskeli. Niliona kitu cheusi nikiwa nimeshafika."

Nikamwambia mbona baiskeli ina rangi ya kuwaka. Akaniangalia tu.

Mama yake dogo alipofika hakunigombeza. Alisema, "Alikuwa na mzigo wako." Basi. Nilitamani angenitukana.

Baada ya hapo nikafanya kitu ambacho nilitakiwa kukifanya kabla ya kuuza kopo la kwanza. Niliichukua ile baiskeli usiku, nikaisimamisha kwenye barabara isiyo na taa, nikarudi nyuma nikaiangalia. Ukweli nilioukuta ndio huu, na tafadhali usichanganye hizi rangi, maana madukani na mtandaoni zote zinaitwa "rangi ya kung'aa".

1. Rangi inayowaka yenyewe gizani. Hii inakula mwanga wa jua au wa taa, halafu inautoa polepole. Inawaka sana dakika za mwanzo tu, kisha nguvu inashuka haraka. Inabaki na kijani hafifu ambacho utakiona ukiwa chumbani, umezima taa na macho yameshazoea giza. Dereva hayuko chumbani. Mbele yake kuna taa zake mwenyewe, taa za magari yanayokuja na taa za maduka. Kwake kile kijani hakipo. Halafu ukiipaka juu ya fremu nyeusi bila kutanguliza rangi nyeupe, ndiyo inazidi kufifia. Hii ndiyo niliyokuwa nauza mimi.

2. Rangi kali za mchana, zile za machungwa na njano ya kijani kama vizibao vya bodaboda. Ukali wake unatokana na mionzi ya jua. Mchana na jioni inasaidia kweli. Usiku, chini ya taa za gari, ni rangi ya kawaida tu. Kinachowaka usiku kwenye kile kizibao ni ile mikanda ya kijivu iliyoshonewa juu yake, siyo kitambaa.

3. Rangi au mkanda wa kurudisha mwanga, yaani reflekta. Huu hauwaki wenyewe hata kidogo. Ndani yake kuna punje ndogo mno za kioo au vipande vidogo vya plastiki vilivyochongwa kwa pembe maalumu. Taa ya gari ikipiga pale, mwanga unarudi kulekule ulikotoka, kwa dereva. Ndiyo maana mikanda myekundu na myeupe nyuma ya malori inakumulika ukiwa mbali, lakini ukipita kwa miguu bila tochi unaiona ya kawaida.

Kwa barabarani, ya tatu ndiyo yenyewe. Hizo mbili zina kazi zake sehemu nyingine.

Mtu atasema, basi tupake rangi ya reflekta. Nayo ipo. Mwaka 2015 kampuni ya Volvo ilileta Uingereza dawa ya kupulizia iitwayo LifePaint, ikishirikiana na kampuni ya Sweden ya Albedo100. Mchana huioni, usiku taa zikipiga inarudisha mwanga. Ilikuwa inaoshwa kwa maji na kukaa siku kama 10 hivi. Watu waliipenda mno. Lakini baadaye wasimamizi wa matangazo wa kule waliona kwamba video ya tangazo ilikuza mwangaza kuliko hali halisi, wakaizuia. Kampuni kubwa namna ile, yenye wataalamu, video ikazidi bidhaa. Sasa mimi na wewe na simu zetu je?

Na hapa wauzaji mnisikilize vizuri, maana ni biashara yetu hii. Simu zinatudanganya hata kama hatujakusudia. Ukipiga picha ya usiku, simu inakusanya mwanga kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo rangi ya kijani inaonekana inawaka kuliko jicho linavyoiona. Ukipiga reflekta kwa flashi, flashi iko jirani kabisa na kamera, mwanga wote unakurudia wewe, picha inawaka nyeupe. Mteja anaona picha, anaamini, analipa, halafu anaingia barabarani usiku akiwa na imani hiyo. Dera likipauka mteja atakulalamikia. Hii ikifeli, huenda asiwepo wa kukulalamikia.

Kwa hiyo ukiuza vitu hivi, andika picha ilivyopigwa: "Hii ni kwa flashi, bila taa ya gari haiwaki." Utapoteza oda mbili tatu. Poa tu.

Turudi kwenye rangi ya reflekta. Mimi kwa baiskeli ya kazi siichagui, nachagua mkanda. Sababu ni tatu. Kwanza, zile punje za kioo zinatakiwa zibaki juu ya rangi, nusu zimezama nusu zipo nje. Fundi wetu akimaliza anapenda kupiga vanishi nzito ili ing'ae, hapo amezizika na kazi imekufa. Pili, maji. Wote tumeona mvua ikinyesha usiku mistari ya barabarani inapotea. Ni kwa sababu maji yamefunika punje. Mkanda mzuri umefunikwa na plastiki juu, mvua haiuathiri sana. Tatu, mkanda ukichanika unabandua unabandika mwingine, na fremu ya mtu haijaharibika rangi.

Usinielewe vibaya, kama umeshapata rangi ya reflekta na unajua kuipaka, ipake. Ila isiwe ndiyo kinga yako ya kwanza.

Sasa kosa langu kubwa kuliko hata aina ya rangi lilikuwa SEHEMU. Nilipaka fremu. Fremu ya baiskeli ya mzigo nani anaiona kwa nyuma? Kiroba kimening'inia huku na huku, kimefunika fremu, kimefunika na kile kijicho chekundu cha kwenye madigadi. Hata ningepaka dhahabu, dereva wa bajaji alikuwa anaangalia kiroba cheusi. Nendeni mkaangalie baiskeli za vijana wenu zikiwa zimebeba mzigo, siyo zikiwa tupu.

Hivi ndivyo nilivyofanya baada ya ajali:

Nyuma: taa nyekundu ya betri, na mkanda mwekundu umebandikwa kwenye boksi lenyewe la mizigo, siyo chini yake. Kama ni kiroba, nimeshona mkanda kwenye kitambaa kinachofunika mzigo, ili mzigo wowote atakaobeba uwe na alama.

Mbele: taa nyeupe, na mkanda mweupe kwenye usukani na uma wa mbele. Rangi usizichanganye. Nyekundu nyuma, nyeupe mbele, ili dereva ajue kama anamfuata au anakutana naye.

Ubavuni: vipande vidogo kwenye spoku na kwenye ringi. Gari linalotoka barabara ya pembeni halioni mbele wala nyuma ya baiskeli, linaona ubavu. Huku Ngamiani kwenye barabara zetu za namba, kila hatua chache ni makutano, na hapo ndipo wengi wanakoswakoswa.

Miguuni: mkanda kwenye pedeli na mkanda wa kufunga kifundo cha mguu. Hiki ndicho kipande cha bei ndogo ambacho mimi nakiamini kuliko vyote. Alama inayopanda na kushuka dereva anaielewa mara moja kwamba huyu ni mtu anaendesha. Alama iliyotulia inaweza kuwa nguzo.

Na kuhusu taa, reflekta haiwi mbadala wake. Reflekta inasubiri taa ya mwenzio. Kama bajaji ina taa moja iliyokufa, au gari linatoka pembeni taa zikiwa bado hazijakugeukia, mkanda umelala. Na wale wa dinamo ya kusugua tairi, kumbukeni ukisimama kwenye makutano taa inazimika. Hapo ndipo mkanda unapokuokoa. Vitu hivi viwili vinasaidiana, ndiyo maana nataka vyote.

Kupima ni bure. Usiku, simamisha baiskeli ikiwa na mzigo, rudi nyuma hatua 50. Washa tochi ya simu, ishike pembeni ya jicho lako, karibu na sikio, siyo kifuani, kwa sababu mwanga unarudi kwenye tochi na jicho lazima liwe jirani. Kama huoni kitu, na dereva hataona. Na kumbuka gari la kilomita 60 kwa saa linakula karibu mita 17 kila sekunde. Hizo hatua 50 zinaisha ndani ya sekunde mbili na kitu. Kila wiki futa mkanda kwa kitambaa chenye maji, vumbi nalo linaua mwanga.

Mimi vyote hivi, taa mbili na mikanda, vilinigharimu chini ya faida ya mashuka mawili. Nasema tena, mashuka mawili.

Najua komenti inayokuja: "Dada, baiskeli ni yake, mimi namlipa kwa safari, usalama wake anajua mwenyewe." Nimeisikia sana na zamani niliisema mimi. Lakini jiulize, nani anayeamua mzigo utoke saa mbili usiku? Nani anayempigia "fanya haraka mteja analala"? Nani anayefunga kiroba kikubwa kikafunika taa? Ni sisi. Kijana hana uwezo wa kukataa safari ya usiku, maana ndiyo hela yake ya kesho. Kama saa tunapanga sisi na mzigo ni wetu, basi na mwanga ni wetu. Ukiona gharama nzito, ongeza 200 kwenye nauli ya kupeleka mzigo. Wateja wangu niliwaeleza sababu, hakuna aliyenikimbia.

Na wale watu 11? Niliwatumia ujumbe mmoja mmoja. Niliandika kwamba rangi niliyowauzia haimlindi mtu barabarani, nilikosea, na hela yao ipo. Saba walichukua hela, 126,000 ikatoka. Watatu walisema wabaki nayo, wameshapaka kwenye swichi na ngazi za ndani, na kwa kweli huko inafaa sana, umeme ukikatika unaona pa kushika. Mmoja hajajibu mpaka leo. Huyo mmoja ndiye ninayemuwaza kila giza likiingia.

Dogo amepona, amerudi kazini, mkono bado unamsumbua akibeba vizito. Mizigo mikubwa sasa inatoka kabla ya magharibi, mteja asiyekuwepo anapelekewa kesho yake.

Naomba kitu kimoja leo. Kabla hujampa kijana wako mzigo wa usiku, toka nje na tochi yako, hesabu hatua 50, angalia. Halafu rudi hapa kwenye komenti utuambie ulichokiona, hata kama ni aibu. Na kama kuna mwenzako anauza makopo ya kijani kwa jina la usalama, usimtukane, mtumie hii asome.