11 bila kufungwa? Tulia kwanza, mshikaji!

  Leo nimekuja na habari ya kikapu. Wewe dada uliyetaka kuruka ukurasa, hebu ngoja kidogo, kuna hela ya mtu humu ndani.

Jumamosi nilimkuta mshikaji wangu mmoja kijiweni, simu mkononi, jasho linamtoka utadhani kakimbizwa na mgambo. Anataka kuweka dau. Siyo la jero wala buku mbili, bwana. Nusu ya ada yake ya muhula! Kwa nini? Eti kuna timu ya chuo kimoja huko Marekani msimu umeanza haijafungwa hata mechi moja. "Oya, hawa si wa kulala," ananiambia, "angalia mwenyewe rekodi yao."

Nikamwambia tulia kwanza. Hasheem Thabeet unamjua? Akacheka. Nani hapa Dar hamjui Hasheem, mtoto wa hapa hapa, aliyepita Makongo, futi 7 na inchi 3, akatua chuo cha Connecticut mwaka 2006? Basi sikiliza nikumegee.

Msimu wake wa kwanza, 2006-07, Connecticut walianza na ushindi wa mechi 11 mfululizo. Kumi na moja! Kama simu hii ingekuwapo mkononi mwako ungeuza na godoro. Lakini angalia walikuwa nani. Timu ya mwaka uliotangulia ilikuwa imeondoka karibu yote. Wachezaji 5 walichukuliwa na NBA kwa mkupuo mmoja mwaka 2006, akina Rudy Gay, Hilton Armstrong na Marcus Williams. Wengi kwenye kikosi kipya walikuwa watoto wa mwaka wa kwanza wanaoshangaa majengo. Na hizo mechi 11 walizicheza karibu na nyumbani, mbele ya mashabiki wao, nyingi na timu ndogo zinazokuja kuchukua posho na kipigo halafu zinapanda basi.

Ligi ya Big East ilipofunguka, mwe! Katika mechi 20 zilizobaki walishinda 6 tu. Wakamaliza 17 kwa 14, hawakuitwa mashindano makubwa ya Machi, hata yale madogo ya kufutia machozi hawakuyaona. Hasheem alikuwa anazuia mitupo kama mlinzi wa geti la tajiri, lakini mlinzi mmoja hawezi kulinda mtaa mzima.

Sasa hapa ndipo patamu. Msimu wa 2008-09, Hasheem mwaka wa tatu, Connecticut wakaanza tena vipi? Kumi na moja bila kufungwa. Namba ile ile! Ukiziweka karatasi mbili mezani huwezi kujua ipi ni ipi. Mshikaji akanyamaza, akaweka simu pembeni, na mimi nikavuta kigoda.

Maana tofauti ilikuwa ndani. Safari hii walitoka nyumbani. Novemba 2008 walikwenda Visiwa vya Virgin, wakawafunga La Salle, Miami na Wisconsin kwenye mashindano yale yale, Wisconsin wakala 76 kwa 57. Desemba wakavuka nchi nzima hadi Seattle, jimbo la wenyewe Gonzaga, wakiwa nyuma mpaka sekunde za mwisho. A.J. Price akatupa pointi tatu, wakaenda dakika za nyongeza, wakashinda 88 kwa 83. Huyo Price Machi ya mwaka huo huo alikuwa kaumia goti vibaya. Sasa mtu wa hivyo akiweza kutupa mpira ule, mbele ya watu wanaomzomea, hapo ndipo unaanza kuandika jina la timu kwenye daftari.

Na hawakuwa wamekamilika. Stanley Robinson, mmoja wa watu wao wa maana, muhula ule wa kwanza hakuwa na timu kabisa, alikuwa anafanya kazi ya vyuma chakavu, akarudi Desemba. Kemba Walker ndiyo kwanza yuko mwaka wa kwanza, dogo anatokea benchi. Kwa hiyo rekodi ya Novemba ilikuwa ya nusu ya timu. Mtu wa dau haoni hilo, anaona namba tu.

Ila nisiwapambe sana. Madoa yalikuwapo. Buffalo, timu ambayo wengi walidhani ni ya kupitia tu, waliwafunga kwa pointi 4 pekee, 68 kwa 64. La Salle nao waliwafungia pointi 81. Mimi nasema hizo mechi za kuponea chupuchupu zina maneno mengi kuliko zile za kushinda kwa 40. Na kweli, Desemba 29 Georgetown wakaja wakawavua nguo pale pale Hartford, 74 kwa 63.

Mwaka 2006 kipigo cha kwanza kiliwavunja. Mwaka 2008 waliinuka wakashinda 13 mfululizo, wakakaa namba moja ya Marekani nzima, hadi Pittsburgh walipowatuliza Februari 16, 2009, siku ya kuzaliwa kwa Hasheem, maskini. DeJuan Blair alichukua ribaundi 23 na katika purukushani akambinua Hasheem juu ya bega kama gunia la mkaa. Wakafika timu nne za mwisho, Michigan State wakawatoa 82 kwa 73. Jumla 31 kwa 5.

"Sasa mimi nitajuaje?" mshikaji akauliza. Nikamwambia usiniulize wameshinda ngapi. Niambie wamecheza wapi, na nani, na nani hajarudi kutoka majeruhi. Niambie senta wao akipata faulo 2 mapema, nani anaingia. Akakuna kichwa. Hakujua jina hata la mchezaji mmoja! Nusu ya ada, jamani, kwa watu usiowajua hata majina!

Na kuanza vibaya vilevile kusikudanganye. Hao hao Connecticut, mabingwa wa 2023 na 2024, Novemba 2024 walikwenda Hawaii wakala vipigo vitatu kwa siku tatu, wakaitwa wameisha. Machi mwaka uliofuata wakawatoa roho Florida, wakafungwa 77 kwa 75 tu, na Florida ndio waliobeba kombe.

Mshikaji akarudisha simu mfukoni. Ila hakufuta lile dau, niliona, kaliacha pale pale linasubiri kidole. Dirisha la ada chuoni kwao linafungwa Jumatatu saa tisa alasiri. Mimi saa nane nitakuwa nimesimama mlangoni pale, na yeye nimemshika mkono. Wiki ijayo nitawapa ilivyokwenda. Baibai!